Simu Niliyoifungua na Ile Niliyoikataa

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini tangu utoto sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia, na leo nina mengi ya kusema.

Chumba chako cha sokoni sina tena. Nimehamia kwenye baraza ya nyumbani, Lumemo, na meza moja, taa na bisibisi zangu. Huenda ungedhani biashara imenishinda. Haikunishinda. Acha nikueleze ilivyokuwa, pamoja na jambo moja ambalo ulipokuwa hai sikuthubutu kukuambia.

Unakumbuka chumba kile kilipokuwa studio? Nilikuwa darasa la tano. Alikuja kijana mmoja akataka nakala ya picha uliyompiga binti mmoja siku chache nyuma. Akasema ni mchumba wake. Ukamwambia aje na huyo mchumba. Akatukana mpaka wauza nyanya wakasogea kusikiliza, nawe ukaendelea kufuta lenzi kwa kile kitambaa chako cha njano. Alipoondoka ukaniambia, "Mama, picha ni ya aliyepigwa." Kisha ukanituma sukari.

Halafu watu wote wakawa na kamera mfukoni, na studio ikafa. Niliporudi kutoka chuo Morogoro na cheti changu cha kompyuta, ulinipa funguo za chumba bila maneno mengi. Nikawa fundi simu. Hata baada ya kiharusi uliendelea kuja, ukikaa kwenye kiti cha mlangoni, mkono wa kulia umelala mapajani, ukiwaangalia wateja wangu.

Ulikuwepo siku alipokuja yule mvuvi wa kambale. Jina lake siliandiki, wala la mtu yeyote katika barua hii, na sababu unaijua. Alileta simu akasema ameisahau namna ya kuifungua. Niliinua simu kwenye mwanga, nikaona njia ya vidole kwenye kioo, mafuta ya ngozi yamechora kama herufi ya Z. Nikaifuata. Ikafunguka hata dakika haijaisha. Alishukuru, akalipa, akaenda.

Ukaniuliza, "Simu ile ilikuwa ya nani?"

"Ya mteja, baba."

"Mteja ni aliyeileta au mwenye nayo?"

Nikakuambia sikujua kama kuna mwingine mwenye nayo. Ukageuza uso kuelekea sokoni.

Kesho yake tukasikia kwamba mkewe yuko hospitali, amevunjwa mkono. Alichokisoma mumewe humo ndani nimekijua baadaye, na sikiandiki. Hakikuwa kosa. Ilikuwa siri ya mwanamke na mwili wake, basi. Hukunigombeza. Uliacha tu kuja dukani, ukasema kiti kinakuumiza mgongo. Miezi michache baadaye tukakuzika, na mimi nikabaki na ule mgongo wako ambao mpaka leo sijui kama kweli ulikuuma.

Sasa nakuambia la mwaka huu.

Mwalimu mmoja wa kike aliniletea simu nibadilishe kioo. Alisimama mpaka nilipomaliza, alikataa hata kwenda kunywa chai. Aliponilipa alisema polepole, "Siku mtu mwingine akikuletea simu hii, tafadhali usimpe nafasi." Nikaitikia. Alikuwa amevaa nguo ya mikono mirefu, na jua la Ifakara unalijua.

Wiki mbili hazijaisha, akaingia mumewe. Ni mtu mkubwa kwa hapa kwetu, anasalimiwa kila anapopita. Simu ile ile ikawekwa mezani kwangu.

"Ya mke wangu hii. Amesafiri, ameisahau nyumbani. Nitolee loki, ila usifute kitu."

Nikamwambia mwenye simu anipigie kwa namba nyingine, nisikie sauti yake mwenyewe.

"Nimekuambia amesafiri."

"Basi tumsubiri, mzee."

Alivuta kiti chako, baba, akakaa. Akashusha sauti. "Binti, sikiliza. Nataka kujua yuko wapi tu. Ujumbe wake sina haja nao. Nione alikuwa akiwasiliana na nani, nikamchukue mke wangu, yaishe."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule mwalimu amekimbia, na kwamba njia ya kumfikia iko mikononi mwangu. Mashine yangu ingeweza kuifungua simu ile kabla chai haijapoa. Nilimwambia siwezi. Akasema ninaweza, kila mtu Ifakara anajua ninaweza.

"Ninaweza," nikasema. "Sitafanya."

Alisimama, akaichukua simu, akatoka bila kuniaga. Nilidhani yamekwisha. Saa nane mchana alirudi na askari, akidai nimeiba vitu kwenye simu ya mkewe. Walinipeleka kituoni kwa miguu, katikati ya soko, watu wakiniangalia kama mwizi wa kuku. Njiani nilimsikia mwanamke mmoja akisema, "Si binti wa mpiga picha yule?"

Kituoni tulimkuta sajenti wa kike, mtu mzima, miwani puani. Mume alieleza kwa kirefu, kisha akasema kesi ataifuta nikiifungua simu hapo hapo mbele yao. Askari aliyenileta akaniambia, "Fungua tu dada, uende nyumbani."

Nikasema taarifa za mtu zina mwenyewe na sheria inamlinda. Kama polisi wanaihitaji simu ile kwa uchunguzi, waniletee amri kwa maandishi, nami nitatii. Kwa maneno ya mdomo sifungui. Sauti yangu ilikuwa ndogo mno, baba. Haikuwa kama yako.

Sajenti alivua miwani akamgeukia yule mume. "Mwenye simu yuko wapi?"

"Ndiyo hilo ninalotaka kujua."

"Una siku ngapi hujamwona?"

"Tisa."

"Na umekuja kuripoti simu."

Sajenti aliiweka simu kwenye droo, akafunga, akamwambia mwenye simu ataifuata mwenyewe. Mimi niliandika maelezo, nikaruhusiwa kwenda.

Wiki ile ile, mwenye chumba tulichopanga akaniita. Unamjua, mzee wa watu, miaka yote mlikuwa mkipelekeana futari na pilau ya Krismasi. Alinikaribisha kahawa. "Binti yangu, sina ugomvi na wewe. Lakini yule bwana ni mtu wangu wa karibu, na askari mlangoni wananifukuzia wateja. Tafuta pengine." Sikumlaumu. Nilizishusha mwenyewe rafu zako.

Watu wa mtaani walianza kunisifu. Dada fundi ana msimamo, wakasema. Kila waliponisifu nilijisikia vibaya zaidi, kwa sababu walikuwa hawajui ya simu ya kwanza. Ndiyo hii ninayotaka uisikie. Siku ile ya mvuvi, nilipoiwasha simu, kwenye kioo kulikuwa na picha ya mwanamke amempakata mtoto. Nilimjua. Alikuwa akituuzia samaki. Nilijua ni simu ya nani, nami nikaifungua, kwa sababu aliyeileta alikuwa mumewe na niliona si kazi yangu kuuliza. Halafu ulipouliza, nikakudanganya.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Katindiuka. Nilimkuta yule muuza samaki shambani anapandikiza mpunga, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Yeye na mumewe walishaachana. Mkono wake wa kushoto haunyooki, kwa hiyo anashika miche kwa kiwiko na kupanda kwa mkono mmoja. Nilimwamkia, nikamwambia pale pale kwenye tuta. Ni mimi niliyemfungulia mumewe simu yake.

Aliendelea kupanda mpaka mwisho wa mstari. Kisha akauliza, "Ulijua ni ya kwangu?"

"Nilijua."

Aliinuka, akanitazama usoni. Nilisubiri anitukane, au alie, au aseme yameisha. Hakufanya hata moja. "Haya. Umeshasema," akaniambia. "Sasa nenda, miche yangu inakauka."

Nikaenda. Nimekuja hapa barazani, nikaona ninayepaswa kumwambia baada yake ni wewe.

Kuhusu yule mwalimu, kuna wanaosema yuko upande wa Uchindile kwa ndugu zake, na wengine wanasema alivuka mbali zaidi. Watu hunijia wakidhani ninafahamu. Sifahamu, baba, na sijamuuliza mtu.

Pumzika kwa amani.

Mimi binti yako,
fundi.