Ziara Ambazo Sikuzifanya

Jumatatu, 2 Septemba

Naomba radhi kwa kimya cha muda mrefu. Sijui ninamwomba nani, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu mwingine. Niliacha kuandika mwezi Julai, siku tulipomzika mjukuu wangu. Hakuwa amebatizwa. Kaburi lake ni dogo mno. Liko nyuma ya zizi.

Saa nne. Chai ya maziwa. Nimefungua simu kuangalia dashibodi, kama kila asubuhi. Neno baya, lakini Kampuni haikutupa jingine. Ni ukurasa wenye majina ya wafanyakazi wote, na mbele ya kila jina mstari unaoonyesha amefikia wapi katika malengo yake. Kijani ni vyema. Njano ni onyo. Nyekundu ni aibu. Chini kuna mistari ya timu mbili: yetu ya Mbulu, na ile ya Hanang yenye ofisi Katesh.

Mimi, mwalimu mstaafu, ni msimamizi wa timu ya Mbulu. Lengo langu ni kuzitembelea kaya zinazoilimia Kampuni vitunguu saumu, nione zinavyovuna na kuanika. Mstari wangu ni mwekundu. Sijatoka nyumbani tangu mazishi.

Siwezi kutoka. Hapa kwetu nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga hutengwa. Kwa Kiiraqw huitwa metimani. Hatuingii kwa watu, hatunywi katika vikombe vyao, ng'ombe wetu hawachungwi pamoja na wa jirani. Wazee ndio watakaosema inatosha. Padri anasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Padri hachoti maji kijito kimoja na majirani zangu.

Nimebaki na Yulia, mke wa mwanangu. Mwanangu amerudi machimboni Mirerani, ambako hakuna anayeuliza habari hizi. Yulia hasemi. Nami sina maneno ya kumpa.

Jumanne, 3 Septemba

Meneja amepiga simu kutoka Babati. Kijana mwenye adabu, lakini ana haraka. Nilimweleza tena habari ya kutengwa.

"Nakuelewa kabisa, Mwalimu," alisema. "Ila mila haina safu kwenye dashibodi."

Mwishoni mwa mwezi kila mmoja atathibitisha kazi yake kwa kubonyeza kitufe. Nikiwa bado mwekundu, mkataba wangu hautaongezwa, na timu ya Mbulu itaunganishwa na ya Katesh. Vijana wangu watakosa kazi. Anjela ni mmoja wao. Anasomesha wadogo zake.

Nina hasira. Si na Meneja. Na ile rangi.

Alhamisi, 5 Septemba

Mstari wangu umesogea. Si mwekundu tena. Ni wa njano.

Sijatoka. Sijaandika lolote. Nilizima simu, nikaiwasha. Njano.

Nilimpigia Anjela. Alicheka. "Mwalimu, mtandao wa huku nao una mambo yake. Au unataka urudi kwenye nyekundu?" Sikupenda kicheko chake. Kilikuwa kirefu kuliko jambo lenyewe.

Ijumaa, 6 Septemba

Umesogea tena. Leo nimebonyeza jina langu kuona ziara zenyewe. Mbili za Endagikot, hapa jirani. Moja ya Maretadu, kwa Mama Paulina, leo leo. Saa imeandikwa. Saa hiyo nilikuwa barazani nachambua maharage na Yulia. Nakumbuka kwa sababu alikohoa, nikataka kumuuliza kama anaumwa, nisiulize.

Anjela anayo namba yangu ya siri. Mimi mwenyewe nilimpa, ili anisaidie simu inaponishinda. Basi jibu ni hilo. Ni uongo, tena kwa jina langu. Nimekasirika.

Jumatatu, 9 Septemba

Anjela amekuja. Alisimama njiani, mbali na ua, kama inavyotakiwa. Tulizungumza kwa sauti, kama watu walio ng'ambo mbili za korongo.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Umeingiza ziara kwa jina langu?"

"Mbili tu, Mwalimu. Za hapa Endagikot. Nilizifanya kwa miguu yangu mwenyewe, si uongo kabisa."

"Ni uongo nusu."

"Haya, nusu. Nisamehe, Mwalimu."

"Na ya Maretadu?"

Alinitazama. "Maretadu? Pikipiki iko gereji tangu Jumatano, haina hata gurudumu la nyuma. Ningeenda kwa mbawa?"

Nilimwambia asinitanie. Aliapa kwa jina la mama yake. Nilibadili namba ya siri hapo hapo, akiwa amesimama. Alilia kidogo, akaondoka. Nilimwonea huruma, lakini sikumwita.

Jumanne, 10 Septemba

Ziara tatu mpya. Zote Maretadu. Namba ya siri naijua mimi peke yangu.

Nilimpigia Mama Paulina. Ni mkulima wetu wa miaka mingi, hana mzaha. Kabla sijauliza lolote, alinishukuru kwa kufika Ijumaa.

"Tulikusalimia, Mwalimu, ukanyanyua mkono tu. Nikajisahau, nikasema, ingia basi uone vitunguu. Hukuingia. Ulisimama pale kwenye minyaa. Nikamtuma binti na maji, ukamwonyesha ayaweke chini. Aliporudi nyuma ndipo uliposogea. Nikamwambia baba Paulina, umeona? Msomi, lakini ameshika mila. Wenzake wangeingia tu, watuletee balaa."

Nilimuuliza kama nilisema neno.

"Hapana. Ulinyoosha kidole kwenye kichanja, upande wa chini. Tukafunua. Kumbe vilishaanza kuoza! Umetuokoa, Mwalimu."

Nilimwambia karibu.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimemuuliza Yulia, bila kuzunguka, kama amewahi kuniona nikitoka.

"Hujavuka ua, Baba," alisema.

Nimekagua viatu. Vina vumbi la zamani na utando wa buibui. Koti langu la mvua, ambalo sitoki bila kulivaa, liko kwenye msumari, limejaa vumbi.

Ama akili yangu imeanza kuniacha, ama haijaniacha. La pili linanitisha zaidi.

Jumapili, 15 Septemba

Sikwenda kanisani. Nilisoma masomo ya leo mwenyewe, kwa sauti. Yulia alisikiliza kutoka jikoni. Nadhani alisikiliza.

Baada ya ibada Mzee Safari, jirani yangu, aliniita kutoka shambani kwake. Hatujazungumza tangu mazishi.

"Mwalimu! Miguu imepona, naona! Unazurura tu!"

Nilimjibu kwamba sijazurura popote.

"Haya, bishana na macho yangu! Juzi umepanda kilima, jana umeshuka. Wazee tunakuona. Njia unatupisha, mlangoni hugusi. Unatuheshimu. Tumesema hatutakuzuia."

"Si mimi!" nilipaza sauti.

Alicheka hadi akaegemea jembe. "Si wewe? Basi ni nani mwingine katika Mbulu nzima anayevaa koti la mvua kiangazi chote?"

Niliingia ndani. Koti lilikuwa kwenye msumari. Nililishusha, nikalikunja, nikalifungia sandukuni. Ufunguo ninao.

Jumatano, 18 Septemba

Kijani.

Meneja amepiga simu, amefurahi kupita kiasi. "Mwalimu, wewe ni mfano! Katesh wanalia huko!" Timu nzima imepanda pamoja nami. Anasema vijana, wakiona mzee anatembea, huona haya kukaa. Kwa kuwa ninakwenda vizuri, ameniongezea kaya chache za Masakta, upande wa Hanang.

Nilitaka kumwambia. Ningesema nini? Kwamba kazi inafanyika, na wakulima wanashukuru, na mimi simo?

Masakta sijawahi kufika. Sijui hata njia inakokatia.

Ijumaa, 20 Septemba

Masakta imeonekana. Kaya zote.

Mwenzangu wa Katesh, msimamizi wa timu ile, amenipigia kunisuta. "Mzee, unapita kwetu kama mwizi! Hata ofisini huingii kusalimia? Watu wangu wamekuona umesimama kwenye mpaka wa shamba, umekaa pale kama mti." Alisema kwa utani. Kisha akapunguza sauti. "Lakini uko salama, Mzee? Wanasema umekonda sana."

Nilimwambia niko salama. Nilijitazama katika kioo cha dirisha. Nimekonda, ni kweli. Yulia pia.

Anjela ameniandikia ujumbe kuomba radhi mara ya pili na kuniuliza kama nitathibitisha. Hajauliza zaidi ya hapo. Nadhani anaogopa kuuliza.

Jumanne, 24 Septemba

Nimetazama orodha yote kwa utaratibu, nikiwa nimevaa miwani. Nilitaka kujua anakwenda wapi. Nimeandika "anakwenda". Nimeliacha lilivyo.

Mwanzo alikuwa mbali. Baada ya Masakta ameanza kurudi. Maretadu tena. Kisha kaya za kando ya barabara kuu. Kisha Endagikot ya juu. Jana amefika kwa dada yake Mzee Safari, nyumba ambayo naiona nikisimama zizini.

Mstari wangu karibu ujae. Imebaki kaya moja. Nilijua jina lake kabla sijalisoma, kwa sababu mimi ndiye niliyemwandikisha mwaka jana, alipoomba alime kipande cha nyuma.

Yulia.

Alhamisi, 26 Septemba

Sijalala vizuri. Nimekaa mlangoni tangu asubuhi. Hakuna mtu njiani. Ng'ombe wametulia kuliko kawaida, wote wametazama upande mmoja, upande wa nyuma, liliko kaburi. Nikawageuza. Wakageuka tena.

Yulia aliuliza ninamngoja nani. Nilisema simngoji mtu. Aliinama akaendelea kufagia. Tangu Julai hakuna aliyeingia katika ua huu. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuja kukaa naye. Wanapita mbali na ndoo zao, wakiongea, na wakifika usawa wetu hunyamaza.

Dashibodi haijabadilika.

Ijumaa, 27 Septemba

Haijabadilika. Upepo. Nilimwambia Yulia asiende nyuma peke yake. Aliniuliza kwa nini. Sikuwa na sababu ambayo mtu mzima angeweza kuitamka.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo nilikuwa chumbani, mlango umefungwa, simu mkononi. Niliazimia kuutazama mstari bila kupepesa macho, ili nione unavyosogea. Nimekaa hivyo tangu chai mpaka jua lilipopita katikati. Mara ukajaa. Hapakuwa na sauti. Ulikuwa haujajaa, kisha ukawa umejaa.

Niliogopa kutoka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilimsikia Yulia huko nyuma, akiongea. Tangu Julai sijamsikia akisema maneno mengi kiasi kile. Hakuna sauti iliyomjibu. Halafu alilia, kilio cha kawaida, cha mtu anayelia akiwa na mwenzake. Halafu kimya.

Nilipotoka, uani hapakuwa na mtu ila yeye. Alikuwa anaosha uso kwa maji ya ndoo. Vitunguu vyake vilikuwa vimegeuzwa juu ya kichanja, safu kwa safu. Kaburi lilikuwa limepaliwa majani, na mawe yake yamepangwa upya.

"Asante, Baba," aliniambia.

Nilimuuliza kwa nini ananishukuru.

"Kwa kutoka leo. Kwa kuja kukaa nami pale." Alifuta uso kwa kitenge. "Nilidhani humhesabu kuwa mjukuu. Kwa kuwa hakubatizwa. Nilikuwa nimeshapanga kurudi kwa mama yangu."

Nilisimama. Nilikuwa bado nimeshika simu.

"Huondoki tena?" nilimuuliza.

"Siondoki, Baba."

Kisha aliniuliza kama nitakula ugali au viazi. Nikasema viazi.

Jumapili, 29 Septemba

Asubuhi tulivu. Ng'ombe wanatazama wanakotaka.

Kitufe kimefunguka kwenye simu. Maneno yake ni mafupi: Ninathibitisha kwamba ziara hizi nilizifanya mimi. Chini kuna majibu mawili, ndiyo na hapana. Nikisema ndiyo, Anjela na wenzake wana kazi, nami nimetia sahihi jambo ambalo si kweli, sijawahi kufanya hivyo katika utumishi wangu wote. Tena nitakuwa nimemkubali yule, sijui ni nani, atembee kwa jina langu mwaka mwingine. Nikisema hapana, nitalazimika kueleza zote, moja baada ya moja, pamoja na ile ya jana. Yulia atajua kwamba pale kaburini hakukaa na mimi.

Hivi sasa yuko nyuma, anavifunga vitunguu mafungu. Anaimba, polepole, wimbo wa kubembelezea mtoto. Nimeinuka mara mbili niende kukaa naye. Mara zote mbili nimefika mlangoni, nikasita, nisije nikakuta nafasi ina mtu.

Kesho jioni kitufe kitafungwa. Nikishachagua nitalileta jibu hapa, hata likiwa ni neno moja.

Sasa naweka kalamu chini. Naenda nyuma.