Togwa ya Siku ya Tatu

Chamazi, Mbagala

Dada yangu Marietha,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na ile mvua mliyokuwa mnaisubiri huko Songea imefika? Sisi huku wazima. Jovina wangu kang'oka meno ya mbele na bado hanyamazi. Kimea cha ulezi ulichotuma nimekipata, kimesagwa vizuri kuliko cha sokoni hapa. Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Siku hizi shemeji yako Stanley anarudi mapema, na nyumba yetu unaijua, nikikohoa chumbani anauliza kutoka sebuleni kama nimemeza dawa. Kwa hiyo naandika akiwa kazini, na jirani yetu Isack atakuletea maana anakuja huko kwenye msiba wa kwao.

Pombe ameacha kweli, dada. Tangu atoke hospitali hajagusa. Kila Alhamisi anakwenda kukutana na wenzake walioacha, kwenye ukumbi wa parokia. Majirani wananipongeza utadhani nimejifungua. Nacheka nao, kisha nikiingia ndani natamani kubamiza mlango.

Hujawahi kuishi na mtu aliyeacha pombe juzijuzi. Hatulii. Unajua ni fundi vigae, na vya sebuleni kwetu aliviweka enzi zile za ulevi, vimekaa upande. Mwezi huu kasema hawezi tena kuvitazama, akavibomoa vyote. Tunatembea juu ya mbao, mchanga umefika mpaka kitandani. Anapima, anaweka, anabomoa tena. Katikati ya hayo anataka kujua sukari inaishaje haraka hivi, na nani aliamua Jovina ahame shule. Niliamua mie, nani mwingine alikuwepo? Miaka yote yeye yuko kilabuni nyumba hii niliiendesha peke yangu, leo naulizwa maswali kama mgeni. Inaniudhi, dada, nisikufiche.

Na mie pia situlii. Akichelewa kidogo niko getini. Asipopokea simu, napiga tena na tena. Akifika namkumbatia ili nimnuse, naye anajua. Anasimama wima kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni, nikimaliza anapita ndani.

Kinachomtuliza ni togwa, ndiyo maana nilikuomba kimea. Anasema jioni inampa kitu cha kushika mkononi. Napika uji, naacha upoe, natia kimea, kesho yake anakunywa ikiwa bado tamu. Inayobaki namwaga. Ya siku ya tatu haikai humu ndani, kwa sababu mimi na wewe tunajua inakuwa nini.

Sasa kuna jambo sijamwambia mtu. Wiki iliyopita niliipika, nikaifunika ndoo nikaificha nyuma ya mlango wa jiko. Stanley alipoiulizia nilimwambia sijapata nafasi ya kupika. Kesho yake nikamwambia hivyo hivyo. Siku ya tatu nikamjazia kikombe chake. Sikusahau, dada, wala sikukosea siku. Nilichoka kusubiri aanguke. Nikaona bora aanguke leo, mbele ya macho yangu, nijue moja. Na nikueleze ukweli wote, nilimkumbuka yule wa zamani aliyekuwa anarudi akiimba, analala, ananiachia nyumba yangu.

Alipiga funda moja akalishikilia mdomoni. Akafumba macho. Nikaona koo linapanda, nikajua tayari. Kisha akatoka uani, akatema, akasukutua. Aliporudi alisema taratibu: "Yuli, hii imeshakuwa pombe. Ulijua?"

Nikasema sikujua. Mie, niliyelelewa jikoni kwa mama. Hakugomba. Alibeba ndoo akaimwaga chooni, akaisugua kwa sabuni, akarudi kwenye vigae vyake. Aliweka pima maji juu ya kigae kile kile, akakisawazisha na kukibandua mpaka giza likaingia.

Togwa bado anakunywa kutoka mkononi mwangu. Lakini sasa, kabla hajanywa, anainamisha pua kwenye kikombe. Hanitazami. Nami nasimama pale wima, nasubiri amalize kunusa.

Nataka kumwambia, na naogopa neno langu ndilo litakalomrudisha kilabuni. Ila kukaa kimya nako kunanila. Kwa hiyo nakuomba, ukituma kimea tena, kwenye mfuko andika jina la Stanley, usiandike langu. Akiniuliza kwa nini, itabidi nimjibu. Halafu nimfundishe kupika togwa yake mwenyewe, kama bado atataka kukaa jikoni na mimi.

Nisalimie shemeji na watoto, na wote wanaoniulizia hapo nyumbani. Barua hii ukishaisoma, itie kwenye moto wa jiko.

Mdogo wako akupendaye,
Yuliana