Mideva, Aliyempumzisha Shaba Msituni

Mwaka umetimia, Mideva, tangu asubuhi ile ugonjwa wa figo ulipokuchukua, ukatuachia nyumba ya Yamumbi na wanyama waliokuwa wakikungoja uani.

Mumeo Muchiri bado anafungua duka lake la chakula cha mifugo pale Munyaka. Watu huja kununua chumvi ya ng'ombe, wakaishia kukutaja wewe. Mmoja atasema ulimkanda farasi wake mgongo mpaka akaacha kuchechemea. Mwingine atakumbuka ulivyokataa kumdunga farasi wake dawa ya maumivu kabla hujaangalia kama tandiko linambana. Hukutibu mguu peke yake. Ulimpapasa mnyama mzima, ukauliza analala wapi, anakula nini, nani humpigia kelele.

Mbwa wa ulinzi walioumia uliwatembeza ndani ya maji ya bwawa, gambuti miguuni, ukiwaimbia Kimaragoli.

"Mimi hata sijawahi kuimbiwa," Muchiri alikutania siku moja.

"Wewe hujavunjika nyonga," ukamjibu, ukaendelea kuimba.

Aliyevunjika nyonga alikuwa Shaba, mbwa jike wa kunusa wa kampuni moja ya ulinzi mjini, aliyegongwa na pikapu. Wengi walisema apigwe sindano ya mwisho. Ulimkanda na kumfanyisha mazoezi msimu mzima mpaka akarudi kazini. Lakini ulimwonya Nyongesa, mwenye kumwongoza: "Akianza kuburuta mguu wa nyuma, simama hapo hapo. Ukimlazimisha ataanguka, na hatainuka."

Kisha ikaja ile siku ya Kaptagat. Kimutai, mtoto mdogo wa Jepchirchir, mama mmoja wa huko, alifuata ndama asubuhi akapotelea msituni. Mchana mvua ikanyesha, na ile baridi ya kule unaijua. Nyongesa alikupigia simu akiwa njiani na Shaba. Muchiri akakuendesha mpaka ukingo wa msitu, mkawakuta majirani wamejaa.

Shaba alinusa sweta ya mtoto, akashika harufu, akavuta kamba. Watu wote nyuma yake, mbio. Matumaini yalikuwa makubwa. Halafu, katikati ya miti, mguu wa nyuma ukaanza kuburuta.

"Simameni," ulisema.

Hakuna aliyeamini. Ulipiga magoti kwenye matope, ukamlaza Shaba juu ya koti lako, ukaanza kumkanda paja.

"Daktari, mtoto anakufa na baridi, na wewe unakanda mbwa?" kijana mmoja mwenye rungu alifoka. "Hiyo ni mbwa tu!"

Jepchirchir akapiga magoti kando yako. "Mama, nakuomba. Mwache aende. Ni mtoto wangu."

"Nimekusikia, mamangu," ulimwambia, mikono haikusimama. "Akianguka saa hii, hatuna pua nyingine ya kumtafuta. Wengine endeleeni kuita na kutafuta. Sisi tupeni muda kidogo."

"Akipatikana amekufa, ni juu yako," kijana akasema, akasogea. Muchiri alijisukuma katikati. Aliliona rungu lake, akaona na wengine wanavyokuja nyuma yake, akajua kwamba wakianza, yeye peke yake hataweza kuwazuia. Na ukweli ni kwamba hata yeye aliwaona wana haki. Aliinama akakunong'oneza, "Mideva, tafadhali. Mwachilie mbwa."

Ulimtazama. Uso wako ulikuwa umepauka.

"Shika hapa," ulisema. "Kanda polepole."

Akashika. Msuli ulikuwa mgumu kama kuni. Alikanda huku Jepchirchir akilia juu ya kichwa chake, mpaka akausikia ukilegea chini ya vidole. Ni wakati huo tu ulipomwambia Nyongesa, "Sasa. Kwa hatua, si mbio."

Shaba aliacha njia ya ndama akateremka kwenye korongo. Chini ya mwerezi ulioanguka alimkuta Kimutai amejikunja, midomo imegeuka rangi, hata kulia hawezi. Jepchirchir alimvua nguo zile mbichi, akamwingiza ndani ya sweta yake kifua kwa kifua, wakamkimbiza zahanati. Akapona.

Shaba alilala pale pale. Nyongesa na Muchiri walimbeba kwa blanketi, na yule kijana wa rungu akatangulia akiwafungulia njia kwenye matawi. Mbwa huyo hakufanya kazi tena. Ulimleta nyumbani.

Ndani ya gari Muchiri alishindwa kunyamaza. "Na kama tungechelewa?"

"Wangenilaani, na wangekuwa na haki," ulisema. "Lakini bado ningesimama pale pale."

Kisha ukageuzia uso dirishani, ukalia mpaka Yamumbi. Muchiri aliendesha polepole, mkono wake mmoja juu ya wako. Mpaka leo anasema hajui kama yeye angeweza kusimama pale.

Tunakukumbuka sisi: mumeo Muchiri, watoto wako Waiyego na Mungai, mama yako Mama Khisa, kaka yako Murunga, na Nyongesa, aliyekuwa kama ndugu yako. Jepchirchir alikuja kutoka Kaptagat kuomba jina lake na la Kimutai yaandikwe hapa pamoja na yetu. Tumeyaandika.

Pumzika kwa amani, Mideva. Siku zote tulizobakiwa nazo, wewe ni wetu.