Nyota Nyekundu na Moshi wa Senene

Jumatatu, 10 Novemba
Saa mbili kasorobo. Anga safi baada ya mvua ya mchana. Nyota yangu nyekundu: 7.7. Wiki iliyopita ilikuwa 7.9. Inapanda. Namba ikipungua, nyota inang'aa zaidi. Ni kama nafasi darasani, wa kwanza ni 1. Mkuu wa shule nimemweleza mara tatu na bado ananiuliza kwa nini nafurahia namba kupungua.

Nilianza mwezi wa kwanza ikiwa kileleni. Hufifia na kurudi kila baada ya miezi kumi na moja hivi. Nikiipata kileleni tena mwezi huu, mzunguko umekamilika na darubini inabaki hapa Songambele, wilayani Kyerwa. Nisipoipata, mtandao wa wapima nyota ulioniazima unaihamishia shule nyingine, nchi nyingine. Barua yao nimeibandika ndani ya kabati.

Jumatano, 12 Novemba
Nimekasirika. Mkuu amemruhusu Ta Laurenti, jirani yetu, kutega senene nyuma ya bweni la wasichana, upande wa mashariki. Hakuniuliza. Taa nne kubwa, mabati yamesimamishwa, mapipa chini. Mwanga wote unakwenda juu, kwenye anga langu. Anga langu, ndiyo, nimeandika hivyo na sifuti.

Nilikwenda ofisini. Mkuu akasema senene ni wa msimu. Nikamwambia na nyota yangu ni ya msimu. Akacheka, akidhani natania.

Nimejishonea kibanda cha magunia ya kahawa kuzuia mwanga. Senene wawili wameingia kwenye darubini. 7.5, kwa shida.

Alhamisi, 13 Novemba
Mawingu. Sikupima. Wasichana wanakohoa bwenini. Ta Laurenti anachoma majani mabichi chini ya taa ili senene walewe moshi waanguke. Nimefunga madirisha yote ya mashariki mwenyewe.

Ijumaa, 14 Novemba
6.4! Nimepima mara tatu. Kila mara kazi ni ile ile: naitazama nyota yangu, nashusha darubini kidogo upande wa mashariki kwenye nyota jirani, ambayo mng'ao wake unajulikana na haubadiliki, kisha nalinganisha. Yangu imeishinda jirani kwa mbali. Nimeshatuma.

Jumamosi, 15 Novemba
6.3. Ta Laurenti ameleta sahani ya senene waliokaangwa na kitunguu. Nimeirudisha ilivyo, na kifuniko chake. Huku kumrudishia mtu senene ni kumwambia humtaki kwako. Anajua. Nilitaka ajue.

Jumapili, 16 Novemba
6.3 tena. Kanisani mke wa Ta Laurenti hakunisalimu. Sawa.

Jumanne, 18 Novemba
Mratibu wa mtandao ameandika. Vipimo vyangu vya siku tatu vimewekwa kando. Wapimaji wengine watatu, kila mmoja nchi yake, wote wanapata 7.3. Anauliza, kwa upole, kama nina hakika na nyota jirani ninayoitumia.

Kwa upole! Toka Januari sijawahi kukosea. Kwa kuwa niko Kyerwa, ndiyo maana. Ningekuwa na jengo la kuba na mashine za bei, nani angeniuliza? Nimemjibu mistari kumi na miwili, sijutii hata mmoja.

Jumatano, 19 Novemba
Nimemfuata Ta Laurenti saa kumi jioni. Alikuwa anasimamisha mabati yake. Nikamwaga yote: kwamba taa zake zimenichafulia jina mpaka ng'ambo. Alinisikiliza hadi mwisho, na hilo nalo likaniudhi. Kisha akasema kwa adabu, "Mwalimu waitu, taa si umeziziba na magunia? Moshi je? Si ndio mlioufungia madirisha? Kila jioni unapandia kule." Akanyoosha mkono. Mashariki, juu kidogo ya paa la bweni.

Pale pale ninapoitafuta jirani.

Nimeondoka bila kuaga.

Alhamisi, 20 Novemba
Nimeilinganisha jirani na nyota ya tatu, iliyo juu kabisa, mbali na moshi. Jirani imefifia. Jirani isiyobadilika! Kumbe nyota yangu haikuruka popote. Jirani ndiyo iliyozama kwenye moshi, nami nikampa mshindi zawadi asiyostahili.

Mwalimu mzima wa fizikia. Madirisha nimefunga kwa mikono yangu, halafu jioni naelekeza darubini kwenye moshi ule ule. Wiki nzima nafokea watu, na wa kufokewa ni mimi. Najionea aibu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu hasira.

Nimepiga mstari kwenye tarehe 14, 15 na 16. Mstari mmoja mwembamba, namba zisomeke. Pembeni nimeandika: moshi wa senene, kosa la mpimaji. Mratibu nimemwandikia mistari mitatu. Imenichukua saa nzima.

Ijumaa, 21 Novemba
Mkuu alipaswa kuniuliza kwanza. Hilo silifuti.

Nimekwenda kwa Ta Laurenti. Juzi hata shikamoo sikumpa. Leo nimeanza nayo. Nikaomba taa awashe kama kawaida, moto usubiri hadi saa mbili na robo. Akafikiri. Akasema kabla ya hapo senene wenyewe huwa wachache. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 24 Novemba
7.2. Saa mbili na robo nilipiga tochi mara mbili kuelekea bwenini. Ndipo moshi ukaanza.

Jumatano, 26 Novemba
7.1. Wengine wanapata 7.1. Nimetazama namba hizo mbili muda mrefu.

Ijumaa, 28 Novemba
7.1.

Jumapili, 30 Novemba
7.2. Imeanza kufifia. Kilele kimepita nikiwa nakitazama. Mratibu ameandika mchana: darubini ibaki. Barua ya zamani nimeibandua kabatini.

Sahani imekuja tena, ile ile, na kifuniko chake. Senene wa kitunguu. Nimekula wote, peke yangu, nimeketi kwenye magunia. Sahani nimeiosha. Kesho nitaipeleka na maharage mapya juu yake.