Mbuzi Anangoja Neno Lako

Doha, 26 Novemba 2023

Mama mpendwa,

Ejok? Natumaini ujumbe huu utakukuta mzima na mgongo umepoa kidogo. Mimi ni salama, ila mikono imechubuka kwa sabuni za kufulia mashuka ya hoteli.

Mama, kaa chini kwanza. Nimepewa likizo! Miaka sita, jamani, hatimaye! Nitatua Lodwar tarehe 20 Desemba, saa tano asubuhi, na nitakaa nyumbani siku tano. Gari la kunitoa uwanjani hadi mlangoni kwako Kakuma nimeshalilipia kupitia kampuni moja ya Nairobi. Sitaki kubanwa na magunia ya mahindi nikienda kumwona Baba. Nataka nishuke msafi, anione vizuri. Tangu uliponiambia macho yake yameingia ukungu, sina raha. Nataka anione yakiwa bado yanaona. Basi mtumie neno huko malishoni Oropoi, ashuke siku hiyo. Nimemnunulia blanketi jekundu.

Mwanao,
Namuria

*

Kakuma, 2 Desemba 2023

Mwanangu Namuria,

Ejok-noi. Mimi ni mzima. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Na wewe paka mafuta mikono hiyo.

Neno limemfikia baba yako kupitia wauza mbuzi. Atashuka, lakini kwa usiku mmoja tu. Wezi wa mifugo wanasikika upande wa mpakani, na ng'ombe hawezi kuwaachia ndugu zake zaidi ya hapo. Jicho la kulia limeshaaga. Kisu cha daktari hataki hata kukisikia. Anasema la kushoto bado linatambua ng'ombe wake wote. Nikatuma aulizwe, je, mtoto wako? Wauza mbuzi wanasema alicheka tu.

Sasa hilo gari, ni la nani? Dereva ni mtoto wa nani? Unamlipaje mtu ambaye hata ukoo wake huujui! Nimepika shule ya misheni miaka ishirini na sikulipia kuni hata siku moja kabla sijaziona. Lakini haya, wewe ndiwe msomi. Mimi ni wa ngumbaru.

Njoo salama.

Mama yako

*

Doha, 14 Januari 2024

Mama,

Hujambo? Nilifika huku salama. Najua zile siku nne tulicheka sana, lakini kuna kitu kimenikaa kifuani, hakishuki.

Nilisimama uwanja wa Lodwar kuanzia saa tano hadi saa kumi na moja jioni. Kila nikipiga simu Nairobi, yule dada ananijibu, "Dereva yuko hapo uwanjani, mtafute." Nimtafute wapi? Nilimuuliza mpaka mama muuza chai. Nakupigia wewe, simu yako iko dukani inachajiwa. Magari ya kuja Kakuma yakaisha, nikalala gesti ya Kanamkemer, hapo hapo Lodwar, na nguo zangu. Kesho yake saa nne nafika kwako, unanionyesha alama za viatu vya akala vya Baba mchangani. Amekaa kando ya barabara kutwa nzima juu ya ekicholong, hicho kigoda chake anacholalia kichwa, na alfajiri akarudi kwa ng'ombe. Miaka sita, halafu tumepishana kwa saa nne! Na barabara ya Oropoi mkanikataza kwa ajili ya wezi.

Nimewaandikia kampuni nadai fidia. Wamejibu kwamba dereva alifika kwa wakati ila abiria hakuonekana, kwa hiyo hawana cha kunilipa. Wametuma hadi picha: kijana mrefu amesimama uwanjani, ameshika karatasi yenye jina langu. Nakutumia nawe uuone uongo ulivyonyooka.

Mwanao,
Namuria

*

Kakuma, 28 Januari 2024

Namuria wangu,

Ejok? Sisi hapa ni wazima, joto tu.

Picha yako nimeitazama, nikavaa miwani, nikaitazama tena. Halafu nikacheka peke yangu mpaka mbuzi wakanigeukia. Mwanangu, huyo kijana hasemi uongo. Uwanjani alikuwepo. Lakini ni uwanja wa hapa Kakuma!

Huo mti uliopinda nyuma ya bega lake naujua. Kila kiangazi mbuzi wangu hula maganda yake. Na hilo tundu kwenye ua wa waya, ndipo nilipomchomoa yule beberu mjinga mwaka juzi, akanichania leso. Hapo hutua ndege za mashirika ya kambi ya wakimbizi. Wewe ulikuwa Lodwar, yeye alikuwa hapa, katikati yenu mwendo wa saa mbili kwa gari.

Na kuna jambo limenikatisha kicheko. Kutoka kwenye huo mti hadi pale baba yako alipoweka kigoda chake, chai haijachemka umeshafika. Watu wawili walikungoja Kakuma siku hiyo, na hawakujuana.

Mama yako

*

Doha, 18 Februari 2024

Mama,

Hujambo, wakili wangu? Maana wewe ni wakili, usibishe! Niliwaandikia yote, mti, tundu, hadi beberu, pamoja na risiti yao wenyewe iliyoandikwa Lodwar. Wakanizungusha wiki mbili. Jana wamekiri. Watarudisha nauli yote na fidia juu yake.

Meneja anasema hiyo fidia itakatwa kwenye mshahara wa dereva. Anaitwa Ater. Mimi nasema sawa, akatwe. Naye aonje uchungu wa kukosa.

Baba yuko wapi sasa? Jicho linasemaje?

Mwanao,
Namuria

*

Kakuma, 3 Machi 2024

Mwanangu,

Ejok? Baba yako bado yuko Oropoi. Jicho halijasema kitu kipya.

Jana kuna mtu aliinama mlangoni kwangu, mrefu kuliko mlango, anavuta mbuzi jike mweupe. Akaniambia, "Mama, mimi ndiye Ater. Nimekuja kwa ajili ya binti yako." Ni Mdinka wa kambini. Mke wake ni Arek, yule anayeuza unga karibu na kisima. Ameniulizia siku tatu, nyumba kwa nyumba. Sisi na wao tumewahi kugombana kwa kuni na kwa maji, unajua mwenyewe, lakini mbuzi wa kuomba radhi kila mtu anamwelewa.

Na desturi unaijua. Mbuzi akichinjwa tukamla pamoja, maneno yamekwisha. Hakuna wa kuyafukua tena, awe hapa au awe Doha. Kwa hiyo sijamchinja. Nimemfunga mlangoni. Waliokosewa ni wewe na baba yako, si mimi. Mbuzi anangoja neno lako.

Mama yako

*

Doha, 5 Machi 2024

Mama,

Usimle huyo mbuzi! Nakuomba, hata ini lake usionje.

Nina barua ya kampuni, nina haki yangu mkononi, halafu niuze vyote kwa nyama ya siku moja? Mimi sikukosa mbuzi, nilimkosa baba yangu. Na hilo jicho la kushoto likifunga kabla sijarudi, Ater ataleta mbuzi wangapi? Mwambie amrudishe kwake.

Nisamehe nimeanza bila salamu. Naandika huku nalia kwenye chumba cha kukunjia mashuka, na msimamizi ananiita.

Namuria

*

Kakuma, 24 Machi 2024

Mwanangu mpenzi,

Ejok? Nimekusamehe hizo salamu. Lia tu, mama. Hata mimi nililia siku ile ulipofika, nikajificha nyuma ya moshi wa jiko.

Mbuzi sikumrudisha. Kumrudisha ni kumwambia mtu kwamba tumekuwa maadui, na hilo siwezi kulisema kwa niaba yako. Bado yuko. Amekula ufagio wangu, amekula pindo la leso, na sasa ameanza kuitazama Biblia. Amua haraka.

Nilimuuliza Ater, kwa nini hukwenda Lodwar? Akaniambia yeye ni mkimbizi. Bila kibali hapiti kizuizi cha polisi, na watu wa Nairobi aliwaambia hivyo. Wakamjibu, "Usijali, abiria anakwenda Kakuma, basi atatua Kakuma." Walitazama ramani wakaona kuna kiwanja, wakamaliza kazi. Yeye akasimama juani hadi magharibi. Alikuwa na kiu lakini hakwenda dukani, akiogopa utatoka umkose.

Ana mama yake huko kwao Bor, ng'ambo ya mpaka. Hajamwona mwaka wa kumi na moja huu. Hilo hakunieleza yeye, alinieleza Arek tulipokuwa tunapima unga.

Sikuambii usamehe. Nakuambia nilichokisikia, basi.

Mama yako

*

Doha, 14 Aprili 2024

Mama,

Hujambo? Mgongo je? Mbuzi je?

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Nilikuwa nataka mtu mmoja wa kumkasirikia, na wewe umenipa mtu aliyesimama juani akiningoja. Umeniweza.

Nimewaandikia kampuni hivi: pesa ya Ater siitaki, hata senti. Aliyekosea ni aliyetazama ramani. Nauli yangu warudishe. Fidia yangu ni safari moja. Tarehe 19 Desemba mwaka huu gari litoke Kakuma na Baba akiwa ndani, lije Lodwar, linichukue, liturudishe sote wawili. Dereva awe Ater, na kibali chake wakifuatilie wao. Meneja akasema hawana utaratibu wa namna hiyo. Nikamwambia kwetu upo. Tumevutana siku tisa. Leo wamekubali kwa maandishi.

Hata ng'ombe wakimwita Baba usiku huo huo, saa mbili za njiani ni zangu. Hakuna wa kuninyang'anya.

Mbuzi achinjwe, lakini siku Baba atakaposhuka, maana naye alikosewa. Na Arek apewe mguu wa nyuma.

Mwanao,
Namuria

*

Kakuma, 17 Desemba 2024

Mwanangu Namuria,

Ejok? Najua nimekaa kimya kwa barua na kukupigia simu za haraka haraka. Kuna mambo sikupenda kuyasema kwa simu.

Mbuzi tulimla Juni, ile wiki aliyoshuka baba yako. Alikuwa amenona, kwa ufagio wangu! Ater na Arek walikaa nasi mkekani. Baba yako alikata nyama, akampa Ater kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Mimi na wewe tulikuwa tunamngoja mtoto mmoja." Wakala. Yakaisha.

Sasa jicho. Sitakudanganya. Ng'ombe anawatambua kwa kengele siku hizi. Watu anawaona kama wako ng'ambo ya moshi, na mimi mwenyewe ameniita kwa jina la dada yake mara mbili. Vaa nguo nyekundu. Rangi hiyo bado inamfikia.

Kibali cha Ater kimetoka, kina mihuri miwili. Safari yenu ni Alhamisi, lakini wamekwisha ondoka leo asubuhi. Nimemwambia baba yako, ndege ni keshokutwa, mzee, utalala wapi? Amesema mwaka jana alingojea mahali ambapo hukutua, mwaka huu atalala palepale unapotua. Ng'ombe amewaacha kwa ndugu zake siku nne nzima, jambo ambalo sijaliona tangu anioe. Amebeba kigoda chake na blanketi lako. Na ile karatasi yenye jina lako amemwomba Ater, anasema ataishika yeye.

Mungu akutangulie.

Mama yako

*

Lodwar, 19 Desemba 2024

Mama,

Nimetua. Nguo nyekundu ilikuwa kwenye sanduku, na sanduku limebaki Nairobi. Nilitoka na koti langu la kazi, la kijivu, nikasimama pale mlangoni. Niliogopa, Mama.

Baba alikuwa mbele ya watu wote, blanketi begani, mikono yote miwili imeinua karatasi juu kabisa. Ameishika juu chini. Ater alikuwa nyuma yake, ameona, na hakuigeuza. Usije ukamwambia Baba.

Nilianza kutembea bila kutoa sauti, nijue moja. Zilikuwa zimebaki hatua kama kumi, akaishusha karatasi. Akamwambia Ater, "Huyo anatembea kama mama yake."

Tuko njiani, tumekaa nyuma, amenishika mkono huu wenye michubuko. Usibandike chai bado. Nimemwambia Ater aende polepole.

Binti yenu,
Namuria