Aliyezungukia Kulia

Montréal,
Jumapili, 9 Machi

Dada yangu Huguette,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limetulia, na theluji ya Rimouski imekuachia walau njia ya kufika dukani. Mimi sijambo, ukiuacha mgongo, na ukiuacha ulimi wangu, ambao wewe mwenyewe ulisema tangu nina miaka saba kwamba hauna dawa. Nisalimie Maryse na mumewe. Ile pai ya nyama uliyomkabidhi padri aniletee ilifika salama, nami niliila peke yangu bila kumwonjesha mtu.

Uliniomba nikusimulie sherehe ya tuzo ilivyokuwa, kwa sababu televisheni ilionyesha nyuso tu. Dada, hukukosa kitu, maana zaidi ya nyuso hapakuwa na kingine. Walitujaza kwenye ukumbi wa hoteli, meza arobaini, kila mwenye jina katika kuteleza kwenye barafu hapa duniani, na kila mmoja ametabasamu. Watu wetu hawa wamefundishwa tangu utotoni kukaa kwenye benchi mbele ya kamera na kutabasamu huku wakisubiri alama. Hata wakisomewa kifo cha baba zao watatabasamu kwanza, kisha waulize walipoteza pointi wapi. Chakula kilikuwa kipande cha samaki kisichomtosha paka.

Mwenyekiti wa tuzo ni Bwana Whitcombe wa Toronto, mtu ambaye hajawahi kuvaa kiatu cha kutelezea maishani mwake. Alifungua kwa kusema kwamba sisi sote ni familia moja. Mama Beaulieu, yule mwalimu wa zamani niliyekaa naye, akaninong'oneza, "Familia gani hii, shoga, ya ndugu wanaoombeana kuanguka?" Nilicheka hadi nikapaliwa. Kila mwaka watu walewale huwapa tuzo watu walewale, na ukitaka kujua nani atashinda, huna haja ya bahasha, tazama tu nani kapangiwa kiti karibu na ngazi.

Tuzo ya vazi bora ilikwenda kwa gauni lenye mawe ya kung'aa elfu nne. Binti alipopanda jukwaani jiwe moja likadondoka, tukalisikia linagonga mbao. Unajua mashindanoni jiwe likianguka kwenye barafu unakatwa pointi. Basi makocha watatu wazima, wamevaa suti zao, wakapiga magoti papo hapo na kuanza kulitafuta chini ya meza kabla jaji hajaliona. Jaji gani, ndani ya hoteli? Mmoja alitoka na kitambaa cha meza kichwani. Kisha akaitwa kocha bora wa mwaka, Prentiss wa Colorado, akalia machozi ya mpango, akamshukuru mama yake, mbwa wake na wenye kiwanda cha viatu. Wasichana aliowatesa hadi wakaacha mchezo hakuwataja hata mmoja. Nilimdharau mtu yule kutoka moyoni.

Halafu wakataja tuzo ya mtunzi bora wa miondoko, na uliyemwona akipanda ngazi ni mimi.

Mimi pia nilikuwa nimepangiwa kiti karibu na ngazi, hilo sikukuambia. Uliona nilivyosimama na lile pande la kioo la tuzo mkononi, na uliona mtangazaji akiniuliza zile hatua za mwisho nilizitoa wapi. Sekunde arobaini ambazo Noémie, mtelezaji niliyemtungia dansi ile, anazungukia kulia, wakati karibu dunia nzima ya barafu huzungukia kushoto. Msichana yule alilia miezi minne akijifunza kugeuza mwili wake. Nikasema, nami nikatabasamu, "Zilinijia tu asubuhi moja nikinywa kahawa." Wakapiga makofi kwa ajili ya kahawa.

Siku nne baadaye ikaja barua yako ya pongezi. Uliandika kwamba ulipoziona hatua zile uliisahau pasi juu ya shati hadi likaungua. Uliandika, "Mdogo wangu, nisamehe, huenda ni uzee, lakini miguu yangu ilizijua." Ukaniomba radhi kwa kujipa sifa zisizo zako. Dada, uliniomba radhi mimi.

Jumatano Maryse akanipigia simu. Alisema kwa sauti ya chini, ili usimsikie, kwamba mama sasa anachanganya mambo, anang'ang'ania kwamba dansi ya kwenye televisheni ni yake, ameirudia mara tatu kwa majirani, na hata ameinuka jikoni kuwaonyesha. Alisema amekuwekea miadi Ijumaa ya tarehe kumi na nne, ukapimwe kumbukumbu, na kwamba matokeo yakiwa mabaya itabidi nyumba iuzwe, uhamie kule kwenye makao ya wazee. Akaniuliza, "Mama mdogo, wewe unaonaje? Ulishawahi kumsikia akisema hivyo?" Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Ni vizuri aonwe na daktari, mwanangu. Mapema ni bora."

Nyani haoni kundule. Jioni nzima nilikuwa nimewacheka watu wa meza arobaini, na kati yao wote hapakuwa na aliye duni kuliko mimi. Prentiss aliwanyamazia wanafunzi wake tu. Mimi nilikuwa tayari kukuacha uitwe mwendawazimu ili nibaki na kioo.

Basi sikia, sasa nasema. Hatua zile ni zako. Zote, hadi ule mkono unaochelewa mwishoni.

Unakumbuka majira yale ya baridi walipokutoa kwenye timu ya mkoa. Walikuambia jaji hawezi kumpa alama msichana anayezunguka kinyume, na wewe ukawaambia wao ndio walio kinyume. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, uliingia uwanjani peke yako, bila muziki, ukacheza mara moja tu. Kisha ukavua viatu, ukamwachia mtunza uwanja, na hukukanyaga barafu tena. Ulidhani hakuna aliyekuona. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ukingo wa mbao wa uwanja, nina miaka kumi na miwili. Ulipotoka niliingia na daftari langu la hesabu, nikatembea kwa viatu vya kawaida nikichora mistari uliyoiacha kwenye barafu, kama tulivyofundishwa kusoma mistari enzi zile ambazo majaji waliinama kuchungulia alama za viatu kwenye barafu ndipo watoe pointi. Nilimaliza ukurasa wa mwisho mashine ya kulainisha barafu ikiwa imekwisha kufuta nusu ya uwanja.

Wakati ule nilifanya kwa upendo, naapa. Nilitaka kitu chako kisifutwe. Miaka hamsini nimelitunza daftari lile, na mwaka jana, nilipoishiwa mawazo, nikalifungua. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wewe ulicheza kwenu ukafukuzwa, nikatunzwa mimi.

Juzi nilimpigia Whitcombe nikamweleza yote na kumtaka abadilishe jina kwenye tuzo. Alicheka kwa upole, kama mtu anayemliwaza mtoto. Akasema, "Bi Ghislaine, kila mtu kaokota mahali fulani. Tangu tuanze, hakuna aliyewahi kurudisha, hata fomu yake hatuna." Nikamwambia basi aandike fomu, na ya kwanza ataipata kwangu, pamoja na kioo chake, na nakala ya maelezo yangu kwenye magazeti. Hapo akaacha kucheka. Noémie nimemwambia ana kwa ana. Aliuliza kama dada yangu yu hai, na kama anaweza kuja kukuona umwonyeshe ule mkono, kwa sababu alijua siku zote kwamba mimi nilikuwa naukosea.

Sikukupigia simu kwa sababu mimi ni mwoga, na kwa sababu neno la kwenye simu Maryse anaweza kusema umelisikia vibaya. Kesho asubuhi naituma bahasha hii kwa njia ya haraka, ikufikie kabla ya Ijumaa. Ndani yake utaona lile daftari. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa kitoto, niliandika tarehe, 17 Februari 1974, na chini yake: *Dansi ya Huguette*. Mwonyeshe Maryse. Mwonyeshe daktari akitaka. Waambie akili yako haina kasoro, kasoro iko Montréal.

Wasalimie majirani wale, na usiwaombe radhi. Mimi usinijibu kama moyo wako haujataka. Lakini ukiinuka tena jikoni, dada, zungukia kulia.

Ni mimi, mdogo wako na mwizi wako,
Ghislaine