Mkono wa Masizi Mgongoni mwa Mume Wangu

(Barua hii na jibu lake zilipita kwa posta kabla ya Maonyesho ya Mifugo; barua ya pili ilikuja baadaye. Tunazichapisha leo kwa ruhusa ya wote waliotajwa.)

Mpendwa mshauri Bi Wilma,

Naomba msaada wako, na naomba unisamehe mapema, kwa sababu najua wengi wanakuandikia wakiwa na machozi na mimi nakuandikia nikiwa na furaha isiyobebeka na mtu mmoja, maana nimeolewa, Bi Wilma, nimeolewa mwezi Juni, na kila asubuhi nikifungua macho na kumwona Erlend amelala mdomo wazi, ana wino wa bluu sikioni, najiuliza nilifanya jema gani nikapewa huyu. Macho yake ni ya rangi ile ya bahari baada ya mvua. Akicheka anaanza na mabega. Basi niache hapo, nitajaza gazeti zima.

Sisi tunachapa fulana. Hatuna bosi wala duka, tuna zizi la zamani la babu yangu hapa kisiwani, nje ya mji wa Stromness, na ndani yake kuna meza, fremu za kuchapia, kikaushio cha wino na redio. Chapa yetu inaitwa Skarfi, kama tunavyomwita yule ndege mweusi anayekausha mbawa kwenye mawe ya gati, na faida ya kila fulana inakwenda kwenye ile nyumba ya Aberdeen, ng'ambo bara, wanakolala jamaa za wagonjwa wanaopelekwa hospitali kutoka visiwani, kwa sababu unajua mwenyewe mgonjwa anapewa kitanda lakini mume wake hapewi hata kiti.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Mama mkwe wangu, Ruby, alipougua alilazwa huko wiki nyingi, sasa ni mzima kabisa na ananishinda kucheza dansi, lakini siku zile nyumba ilikuwa imejaa, na baba mkwe wangu, Mzee Sigurd, alilala ndani ya pikapu kwenye maegesho ya hospitali, katikati ya mitego yake ya kambakoche, na hakumwambia mtu. Erlend alimkuta hivyo siku moja alipokwenda kumwona mama yake. Akarudi, akachora. Fulana yetu ya kwanza ilikuwa picha ile, mzee amejikunja kwenye kiti cha pikapu chini ya taa za hospitali, na ilinunuliwa hata na watu wa visiwa vya Shetland, na nyumba ile ikaongezewa chumba. Sisi tulidhani tumefanya jambo zuri tu. Halafu Mzee Sigurd akapanda feri, akajiona kifuani kwa kijana anayekata tiketi. Akaja zizini na hakuvua kofia. Alimwambia Erlend, "Umenivua nguo mbele ya watu, halafu ukaniuza nikiwa hivyohivyo."

Erlend naye ana kichwa kigumu, nampenda lakini anacho, akajibu kwamba picha ile inawasaidia watu na kama mzee anaona aibu kulala kwenye gari kwa ajili ya mkewe basi tatizo ni lake. Toka siku hiyo hawajasemeshana. Erlend aliacha kwenda baharini na baba yake, na mzee huvuta mitego peke yake, na majira ya baridi yaliyopita winchi ya kuvutia mitego ikamkata kidole cha pete cha mkono wa kushoto, katikati. Erlend alisikia habari gatini kama watu wengine, na huo mkono hajawahi kuuona. Mimi nimeuona, kwa sababu siku za wiki ninauza kwenye duka la watu pale gatini na mzee hununua tumbaku kwangu, anaweka sarafu mezani kwa mkono ule, ananiambia "Asante, bibie," basi.

Sasa nisikilize. Wiki moja kabla ya harusi wenzetu walitukamata kutupaka masizi, kama ilivyo desturi ya huku kwa wanaokaribia kuoana. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mapipa ya dukani na nilicheka mwenyewe wakanigundua. Walitumwagia molasi kichwani, masizi, unga, manyoya ya mito ya bibi yake mtu, wakatufunga kwenye pikapu wakatuzungusha mji mzima wakipiga mabati na masufuria, kisha wakatufunga kwenye nguzo ya gati, na kila aliyepita akatubandika kiganja cheusi. Erlend alikuwa amevaa fulana nyeupe tupu. Mimi sikuona kitu, macho yalikuwa yamegandishwa na molasi, ila nilimhisi mtu amekuja nyuma ya Erlend, akampiga kiganja mgongoni na kukiacha pale kwa muda, na Erlend akacheka akasema, "Huyu ana mkono kama beleshi." Mtu yule akaenda zake. Bi Wilma, ilikuwa siku tamu kuliko zote isipokuwa ya harusi yenyewe.

Harusini Mama Ruby alikuja peke yake. Alisema mzee amekwama, injini ya mashua imeharibika. Erlend akatikisa kichwa, akacheza waltzi na mimi, akaninong'oneza kwamba hahitaji kitu kingine duniani, nami nilijua anasema uongo na nikampenda zaidi.

Fulana ya masizi hatukuifua. Tuliitundika zizini, na wiki hii Erlend akapata wazo, na ni wazo la ajabu, nililia alipolisema: tuchape viganja vile vyote kama vilivyo, vyeusi juu ya nyeupe, iwe fulana ya Maonyesho mwaka huu, mji mzima uvae mikono ya mji mzima kwa ajili ya nyumba ya Aberdeen. Akapiga picha mgongo wa fulana, akakaa kwenye kompyuta kusafisha, kama tunavyosafisha kila picha kabla ya kuichapa kwenye filamu ya fremu, anaondoa madoa, anajaza palipofifia. Halafu akaniita nione. Katikati kabisa kilikuwepo kile kiganja kikubwa, cha kushoto. Akasema, "Huyu jamaa alikuwa na haraka, kidole kimoja hakukigandamiza. Nimemsaidia, nimekijaza."

Nilikwenda kuiangalia fulana yenyewe. Bi Wilma, kidole cha pete kinaishia katikati, na kimeishia safi.

Sijasema kitu. Nikimwambia, na mzee akakana, Erlend ataumia mara mbili. Mzee asipokana, namjua mume wangu, kwa furaha atautangaza mkono ule kisiwa kizima na mzee ataona amevuliwa nguo mara ya pili. Na nikinyamaza, watu wote watavaa mkono wenye vidole vitano kamili, na mzee ataona kwamba alikuja kumgusa mwanawe na mwanawe akamsahihisha. Wiki ijayo tunachoma fremu, yaani tunaihamishia picha humo kwa mwanga, na baada ya hapo haibadiliki. Nimwendee mzee kwa siri? Nimwombe Mama Ruby? Niseme nini, kwa nani? Mimi nataka furaha yangu iwe nzima.

Ni mimi, Bibi Harusi wa Zizini

JIBU LA BI WILMA

Bibi Harusi wa Zizini, hongera. Macho ya mumeo tumeyasikia, na sikio lake pia. Sasa kaa chini.

Umeniandikia karatasi nne kuhusu mkono ambao haukupigwa mgongoni kwako. Umenielewa? Mzee huyo alivuka mji mzima, akajichafua katikati ya watoto wenye masufuria, akamwekea mwanawe kiganja, na wewe umekikalia kama kuku. Najua umefanya kwa mapenzi. Lakini aliyeletewa ni Erlend, nawe unamnyima kilicho chake, halafu unajiuliza kwa nini furaha yako haijakamilika.

Umeuliza kama umwendee mzee kwa siri. Hapana. Umeuliza kama umtume mama mkwe. Hapana tena. Huyo mama amebeba maneno ya wanaume wawili wasiosemeshana tangu alipotoka hospitali, na hata ile injini ya mashua ilibidi aiharibu yeye kwa mdomo wake. Mwache apumzike. Ukianza ndoa kwa kuwa tarishi kati ya mumeo na baba yake, utakuwa tarishi mpaka uzeeke.

Na mumeo nina neno naye, umsomee. Kijana, picha yako ya kwanza ilikuwa nzuri na ilifanya kazi njema, mimi mwenyewe ninayo fulana hiyo. Lakini hukuuliza. Ulimkuta baba yako katika saa ambayo hakutaka kuonwa, ukaichapa. Faida kwenda kwa jamaa za wagonjwa hakukupi haki ya uso wa mtu. Nyie wachapaji wa fulana za hisani mna tabia hiyo, mnautazama sana ule wema mnaoufanya hata mnasahau mmeuchukulia kwa nani. Baba yako hakuonea aibu kulala kwenye gari. Alichoonea uchungu ni kwamba mwanawe hakumwuliza.

Basi fanyeni hivi. Leo, kabla ya chakula, mpeleke Erlend mbele ya fulana yenyewe, si kompyuta. Mwekee kidole pale kidole kinapoishia. Mwambie ulichokiona dukani, kisha nyamaza, na najua kunyamaza kwako ni kazi. Akitaka kulia, alie. Akitaka kukimbilia kuchapa, mzuie.

Kesho aichukue fulana ile aende kwa baba yake, yeye mwenyewe, bila wewe. Asianze na kusamehe wala kusamehewa, wavuvi hawaanzii huko. Amwonyeshe mkono, aulize mambo mawili: je, ni wako, na je, tunaweza kuuchapa. Mzee akisema hapana, mnaiacha picha nzima bila kununa na mnaenda kwenye Maonyesho na fulana za yule ndege wenu. Akisema si wake, Erlend aseme sawa, na abaki amsaidie kuvuta mitego. Akisema ndiyo, chapeni mkono kama ulivyo, kidole kinaishia pale kinapoishia.

Ruhusa kwanza, wino baadaye. Liandikeni ukutani zizini.

Wilma

BARUA YA PILI

Mpendwa Bi Wilma,

Tumeliandika ukutani, kwa wino mwekundu, na Erlend amechora skarfi mdogo pembeni.

Nilifanya kama ulivyosema, nikanyamaza, karibu nife. Erlend aliweka kiganja chake juu ya kile cha masizi, akasema polepole, "Nilisema ana mkono kama beleshi." Asubuhi akakunja fulana ndani ya karatasi kama mtu anayebeba yai, akaenda gatini. Nilimwona kupitia dirisha la duka akiingia kwenye mashua. Mzee alikuwa anafunga mitego na hakuinua kichwa. Hapo mteja akataka maziwa, nikamuuzia maziwa, sijui hata kama nilimrudishia chenji, na nilipoangalia tena mashua ilikuwa imeondoka na wote wawili.

Walirudi jioni wananuka chambo. Erlend alinieleza kwamba baba yake aliitazama fulana, kisha akaomba aone na ile picha ya kompyuta iliyosafishwa, Erlend akamwonyesha kwenye simu, na mzee akasema, "Hiyo nusu ya kidole si yangu. Ifute." Ndivyo alivyokubali. Maneno mengine yote waliyosemezana huko majini Erlend hajaniambia, na mimi, Bi Wilma, hebu nisifu, sijauliza.

Usiku ule Mama Ruby alipiga simu, akasema tu kwamba injini ya mashua imepona.

Tulichapa kwa siku kadhaa, mimi nasukuma wino, Erlend anakausha, na Mzee Sigurd aliketi kwenye debe mlangoni akila mkate wa shayiri na jibini na kutuambia tunapoteza wino. Kwenye Maonyesho tuliweka meza kati ya hema la kondoo na wauza chai. Kabla hata mafahali walioshinda hawajapewa utepe wa ushindi watu walikuwa wamepanga mstari, kila mtu anatafuta kiganja chake, "Hiki changu", "Wewe huna mkono mzuri hivyo", "Tazama kidole hiki, ni cha mke wangu, nakijua hata gizani", na mwanamke anayesimamia nyumba ya Aberdeen alikuwa amekuja kwa feri kuona, amevaa yake, analia na kucheka, anasema kufikia majira ya baridi hakuna mtu wa visiwani atakayelala kwenye gari.

Na kila mmoja aliuliza kuhusu kile cha katikati, kikubwa, kilichopungua. Erlend alinitazama, nikamtazama, hatukusema, kwa sababu hilo hatukuwa tumeliombea ruhusa.

Ndipo nikamwona baba mkwe wangu anakuja kutoka upande wa ng'ombe, amevaa koti lake la Maonyesho na tai. Watu wakampisha. Alivua koti, akampa Mama Ruby alishike, akachukua fulana ya saizi yake, akaivaa juu ya shati na tai na vyote, akageuka atuonyeshe mgongo. Kisha akainua mkono wa kushoto juu kabisa, kama mtu anayenunua fahali mnadani, na kila aliyekuwa pale akaona kidole kinapoishia.

"Ni wangu," akasema. "Safari hii niliulizwa."